Siku Zisizowezekana

Mtu akisema amesomea hesabu chuo kikuu, hapa kwetu swali linalofuata huwa ni moja tu: anafundisha shule gani? Twaiba binti Haji wa Mwabungo aliulizwa swali hilo harusini, akaulizwa matangani, akaulizwa na daktari wa meno aliyekuwa amekwisha kumtia koleo mdomoni. Mwanzoni alikuwa akijieleza. Alisema kwamba mabenki, kampuni za bima na mashirika ya ndege huwaajiri watu wa hesabu wakakaa ofisini kusoma mambo ambayo bado hayajatokea. Watu walimsikiliza kwa heshima zote hadi mwisho, kisha wakamuuliza tena, haya basi, ni shule gani?

Alipopata kazi kwenye kampuni ya barafu, mama yake, Mwanaima, aliwatangazia majirani kuwa mtoto amepata ualimu wa barafu. Wala hakuwa akitania.

Kampuni yenyewe ilikuwa ikiitwa Barafu Kusini. Makao makuu yalikuwa Mombasa, na viwanda vyake vilikuwa vitano, kuanzia Vanga mpaka Malindi, vyote vikigandisha matofali ya barafu ya kilo ishirini na tano kwa ajili ya wavuvi, wachuuzi wa samaki na mahoteli. Twaiba alikuwa mchambuzi wa takwimu wa kwanza kuajiriwa na kampuni ile, akapangiwa kiwanda cha Msambweni kwa miezi sita ya majaribio. Mkataba ulisema waziwazi. Akifaulu, atathibitishwa kazini na kupelekwa kitengo cha mipango huko makao makuu, panapopangwa mambo ya viwanda vyote. Akishindwa, mkataba utakwisha wenyewe na kila mtu atashika njia yake. Nyuma yake kulikuwa na miaka miwili ya kufundisha kwa muhula, shule hii leo na ile kesho, na barua arobaini na tatu za maombi ya kazi ambazo nyingi hazikujibiwa hata kwa kukataliwa. Aliitaka kazi ile kiasi kwamba alipoomba dua alikuwa akiona haya kuitaja kwa jina, akawa anaizungukazunguka.

Kazi ya kutabiri barafu ina ugumu wake. Tofali huchukua siku nzima kuganda, kwa hivyo lazima leo uamue kesho watu watataka mangapi. Ukigandisha machache, wachuuzi wanakwenda kwa mshindani wako Ukunda na samaki wanawaharibikia njiani. Ukigandisha mengi, umekula umeme bure na barafu inageuka maji ya kuoshea sakafu. Kabla ya Twaiba kiwanda kilikuwa kikikisia tu: mia tatu na hamsini kila siku ya Mungu, iwe masika iwe kiangazi, yasiyouzwa yakirundikana ghalani mpaka yanunuliwe au yayeyuke.

Alipewa vitu viwili vya kufanyia kazi. Cha kwanza kilikuwa rekodi ya mashine, iliyohesabu yenyewe matofali yaliyoganda na yaliyobaki ghalani, ikifunga hesabu ya siku kila saa sita za usiku. Cha pili kilikuwa vitabu vya mauzo, vilivyoandikwa kwa mkono na Mzee Mbwana, karani wa dirishani. Mzee Mbwana alikuwa mtu wa Vanga, mwembamba, mwenye kofia safi na mwandiko ambao ungeweza kuutia kwenye fremu ukautundika ukutani. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Kila asubuhi Twaiba alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba mwanangu, kisha akarudi kwenye kitabu chake kana kwamba ndani yake mna mtu aliyemwacha katikati ya mazungumzo.

Twaiba aliingiza kwenye kompyuta miaka mitatu ya vitabu vile. Ilimchukua wiki saba na macho yakamwuma. Kisha akavilinganisha na rekodi ya mashine, na hapo ndipo alipokutana na balaa. Zilikuwako siku ambazo barafu iliyouzwa ilizidi barafu iliyokuwako. Ghala lina matofali mia tatu, kitabu kinasema yameuzwa mia nne na themanini. Alizihesabu siku hizo, zikawa mia mbili na kumi na nne. Chuoni alifundishwa kwamba takwimu zilizoharibika huondolewa zisije zikaambukiza nzima. Akazipa jina, siku zisizowezekana, akazifuta zote kwa kubonyeza mara moja. Zilizosalia zilikuwa tulivu na za kupendeza, akazitungia fomula nzuri sana, na mwezi wa nne wa majaribio yake kiwanda kikaanza kugandisha kwa kufuata maneno yake.

Wiki tatu mambo yalikwenda. Wiki ya nne barafu iliisha kabla ya alasiri siku tatu mfululizo. Watu walipiga foleni mbele ya dirisha wakiwa na matenga, wakaambiwa hakuna, wakarudi. Siku ya tatu mchuuzi mmoja wa kike alimwaga ndoo mbili za vibua vilivyokwisha kulegea mbele ya mlango wa ofisi ya Twaiba, akafuta mikono kwenye leso yake, akaondoka bila kusema neno lolote. Afadhali angetukana.

Bwana Ziro alikuja keshoye. Huyu alikuwa mkurugenzi wa uzalishaji, mtu wa Kaloleni, mhasibu kwa kusomea, mtaratibu, asiyepandisha sauti hata siku moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwatisha watu. Aliketi mbele ya Twaiba akasoma karatasi zake mpaka mwisho.

"Makisio ya zamani yalikuwa yakikosea kwa kubahatisha," alisema. "Ya kwako yanakosea kwa uhakika. Nitarudi Jumatano baada ya wiki tatu. Siku hiyo nitataka kujua kama tuendelee nawe au tusiendelee."

Twaiba alikaa siku mbili akiiangalia fomula yake. Aliigeuza juu chini, akaipima upya, na kila alipoipima ikamjibu kwamba haina kosa. Kweli haikuwa na kosa. Siku ya tatu, ikiwa Jumatatu, alichoka kuiangalia kompyuta, akachukua kiti akaenda kuketi dirishani na Mzee Mbwana ili angalau aone namba zinazaliwa vipi.

Alikaa naye mchana kutwa. Wanunuzi walikuja, Mzee Mbwana akawapa karatasi ya ghalani, akaandika jina, idadi na saa. Hakuruka mtu. Hakufuta neno. Twaiba alitafuta kosa kwa jicho la mtu anayetafuta sindano, akakosa hata herufi iliyopinda.

Kisha msikiti wa pale jirani uliadhini magharibi. Mzee Mbwana akaweka kalamu chini, akachukua rula, akapiga mstari chini ya jina la mwisho. Akafungua ukurasa mpya, akaandika juu yake Jumanne na tarehe ya kesho, na kwenye pembe, kwa wino mwekundu, akatia namba ndogo: nne. Wanunuzi watatu waliokuwa wamesimama dirishani hawakunung'unika, maana na wao walikuwa wakielekea huko huko. Akaenda kuswali. Aliporudi alivaa miwani, akawaandika wote watatu chini ya Jumanne.

"Mzee," alisema Twaiba taratibu, "leo si Jumatatu?"

"Ilikuwa Jumatatu."

"Na sasa?"

Mzee Mbwana alimtazama kwa huruma, vile mtu anavyomtazama mgonjwa. "Jua limekwisha kutua, mwanangu. Sasa ni usiku wa Jumanne. Kwani nyumbani kwenu mwezi wa Ramadhani mwauanza vipi? Si mwaanza na usiku wake, mkaswali tarawehe, ndipo mkafunga mchana wake?"

Twaiba aliduwaa. Hili halikuwa jambo la kuambiwa. Tangu utotoni alikuwa akisomeshwa Yasini usiku wa Ijumaa, na usiku huo kompyuta yake ilikuwa ikiuita Alhamisi. Alizaliwa usiku wa Jumatano, na siku zote akijaza fomu za serikali alikuwa akiandika Jumanne bila hata kufikiri. Kila mtu wa pwani hii ana siku mbili ndani yake, ile ya nyumbani inayoanza magharibi na ile ya ofisini inayoanza saa sita za usiku, naye huvuka kutoka moja kwenda nyingine kama mtu avukavyo kizingiti. Mzee Mbwana hakuvuka, basi. Na yeye Twaiba aliiacha siku ya nyumbani nje ya mlango wa darasa pamoja na viatu, akidhani hesabu haina haja ya kujua alikotoka.

Asubuhi yake hakuketi hata kunywa chai. Aliyarudisha siku moja nyuma mauzo yote ya kati ya magharibi na saa sita za usiku, ili kitabu na mashine vianze kuzungumza lugha moja. Kisha akaiamuru kompyuta imhesabie tena siku zisizowezekana. Zilikuwa mia mbili na kumi na nne.

Zikawa mbili.

Alihesabu tena kwa mkono. Mbili tu, na zote mbili zilikuwa siku ambazo umeme ulikatika na mashine ikashindwa kuhesabu. Nyingine zote mia mbili na kumi na mbili ziliwezekana. Zilikuwa kweli tangu mwanzo, na zilikuwa ndizo siku kubwa kuliko zote, siku ambazo watu walinunua barafu mpaka ghala likabaki sakafu tupu. Yeye alizitupa kwa sababu hakuzisadiki.

Alikuwa na aibu, lakini aibu haikupata nafasi ya kukaa, maana sasa alikuwa na jambo jingine kichwani. Ile namba ndogo nyekundu. Alikuwa ameiruka alipoingiza vitabu kwenye kompyuta, akidhani ni mambo ya karani na Mungu wake. Ilikuwa tarehe ya mwezi wa angani, kuanzia moja mpaka ishirini na tisa au thelathini, katika kila ukurasa wa miaka mitatu. Siku nne zilizofuata alirudi kwenye vitabu akaziingiza namba hizo moja moja. Jumapili asubuhi zilikuwa zimekamilika. Aliiambia kompyuta iisahau Januari na Februari na wenzao, iichukue ile miezi thelathini na saba ya angani, iipandanishe yote mmoja juu ya mwingine mithili ya mtu anayekunja leso, na kwa kila siku itie nukta ya barafu iliyouzwa.

Nukta zilianza kuanguka kwenye kioo. Kabla ya hapo kila mara alipozichora zilikuwa zimetapakaa ovyo, mchele uliomwagika. Sasa zilikuwa zikikusanyika. Chini kabisa katikati, pale mwezi unapokuwa mpevu. Zikapanda polepole kuelekea mwisho wa mwezi, zikafika kilele siku za giza, zikashuka tena. Nukta elfu moja na tisini zilijipanga mstari mmoja mnene, laini, uliopinda kwa upole, na hakuna mkono uliozipanga.

Twaiba alisema Subhanallah na sauti ikamtoka ndogo. Mwili ulimsisimka mpaka kwenye nywele. Sababu aliijua, na kuijua hakukupunguza kitu: wavuvi wa taa huenda baharini kukiwa giza, maana mbalamwezi ikiwaka samaki hawaifuati taa. Hilo kila mtoto wa Mwabungo analijua. Lakini aliwafikiria watu wenyewe. Huyu alinunua barafu siku ile kwa sababu mwanawe alihitaji sare za shule. Yule hakununua kwa sababu wavu ulichanika, au aliteta na shemeji yake mwenye mashua, au alikuwa na homa. Kila mmoja aliamua peke yake, kwa sababu zake, na hakuna aliyemwambia mwenziwe. Na wote kwa pamoja, miaka mitatu, bila kujua, walikuwa wameuchora mwezi. Alitazama mpaka macho yakamlowa, na hakujali kama kuna mtu anamwona.

Alimwita Mzee Mbwana. Mzee alisimama mbele ya kompyuta, mikono nyuma, akaangalia muda mrefu.

"Huu ni mwezi," alisema.

"Ni barafu, mzee. Ni vitabu vyako. Kila nukta ni ukurasa mmoja."

Mzee Mbwana aliomba kiti. Aliketi, akavua miwani, akaivaa tena. "Miaka yote hii," alisema, "mimi nilidhani naandika barafu tu."

Twaiba alimweleza lililotokea, habari ya saa sita za usiku na magharibi na zile siku mia mbili, na alipokuwa akieleza aliona uso wa mzee unabadilika.

"Kwa hivyo mimi ndiye niliyeharibu," alisema Mzee Mbwana. "Kampuni ina kalenda yake, nami nikatumia yangu. Huyo Bwana Ziro akiuliza ni nani, utamwambia nini?"

Twaiba angependa kusema kwamba alimjibu pale pale jibu la kishujaa. Hakulijibu. Alisema hajui, na ndivyo ilivyokuwa, maana alikuwa akiyaona mambo mawili kwa pamoja, miaka miwili ya mzee na maisha yake yeye mwenyewe. Mzee Mbwana aliitika kwa kichwa bila kumlaumu, akarudi dirishani kwake. Hilo ndilo lililomkosesha Twaiba raha wiki mbili na zaidi, mpaka Jumatano ya Bwana Ziro ikafika.

Jumatano hiyo Bwana Ziro alifika saa tatu kamili asubuhi, akaketi, akasema Mzee Mbwana naye aitwe kwa kuwa vitabu ni vyake. Twaiba aliionyesha grafu. Bwana Ziro aliinama mbele kidogo, na kwa mtu wa namna yake hiyo ilikuwa sawa na mwingine kupiga kelele. Alisikiliza habari yote ya siku inayoanza jua likitua. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya chini:

"Yaani karani wetu alikuwa akiandika tarehe zisizo sahihi kwa miaka mitatu, na hiyo ndiyo sababu ya hasara ya mwezi uliopita?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Twaiba hakuhitaji hata kusema ndiyo. Angenyamaza tu ingetosha. Alimwona Mzee Mbwana anavyoitazama sakafu, mikono ameikunja magotini vizuri, tayari kupokea.

"Hapana, bwana," alisema. "Tarehe zake ni sahihi. Tangu ukurasa wa kwanza siku yake inaanza pale pale, hajakosea hata mara moja, na kama angekosea mara moja tu huu mstari usingetokea. Kosa ni langu. Niliziona siku mia mbili na kumi na nne ambazo sikuzielewa, nikazifuta. Sikumuuliza mtu. Mzee Mbwana alikuwa hatua kumi kutoka mezani kwangu."

Bwana Ziro alimtazama mchambuzi wake aliyekiri kwa mdomo wake mwenyewe kwamba alitupa takwimu za kampuni.

"Umezifuta," alisema.

"Nimezirudisha. Lakini nilizifuta, ndiyo."

"Vizuri. Basi nipe namba moja. Ijumaa ya wiki hii, kwa siku ya Mzee Mbwana, magharibi mpaka magharibi. Watu watataka matofali mangapi?"

Namba alikuwa nayo. Alikuwa ameipiga hesabu mara nne usiku wa jana yake, na mara zote nne ilikuwa imemtisha. Ilikuwa siku ya ishirini na nane, giza tupu. Bahari ilikuwa imetulia baada ya wiki mbili mbaya. Na tena ilikuwa Ijumaa, maana kwenye grafu nukta za Ijumaa za siku za giza zilikuwa zimesimama juu ya wenzao wote. Katika miaka mitatu kiwanda hakikuwahi kuuza zaidi ya matofali mia saba na mawili kwa siku. Ulimi wake ulitaka kusema mia sita. Mia sita ni namba ya adabu, mtu akikosea nayo husamehewa. Ila alikumbuka kwamba kilichomponza mwanzo ni kutozisadiki siku kubwa.

"Mia saba thelathini na nane," alisema. "Huenda ikazidi ishirini, huenda ikapungua ishirini."

Bwana Ziro aliiandika kwenye karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. "Mashine zigandishe mia saba sitini," alisema. "Ukiwa umezidisha, barafu itayeyuka na mimi nitakuwa na maelezo ya kutoa mbele ya bodi. Wewe hutakuwako kuyasikia."

Alhamisi jua lilipotua, Mzee Mbwana alipiga mstari wake na kufungua ukurasa wa Ijumaa. Twaiba alihamia dirishani moja kwa moja. Usiku ule waliokuja walikuwa wachache, mia moja arobaini na moja jumla. Asubuhi wachuuzi wa Bodo walichukua yao, gari la hoteli za Diani likachukua yake. Bwana Ziro alifika saa nne akakataa chai. Kufikia saa sita na nusu yalikuwa yameuzwa mia nne na kumi, na Mzee Mbwana akafunga dirisha akaenda msikitini, na barabara yote ikawa tupu kabisa.

Bwana Ziro aliingia ghalani, akatoka, akavuta kiti karibu na Twaiba. Maji yalikuwa yameanza kuchuruzika kutoka mlango wa ghala, kijito chembamba kikielekea mferejini.

"Mia tatu na hamsini yamebaki," alisema. "Na hapana hata mtu mmoja njiani."

Twaiba alikuwa akiijua sababu ya ukimya ule, tena alikuwa akiijua kwa namba, na bado jicho lake halikubanduka kwenye kile kijito. Mtu anaweza kuiamini hesabu yake kwa miaka minne darasani. Kuiamini huku maji yanapita kati ya miguu yako ni jambo jingine. Alifikiria shule ambazo zingehitaji mwalimu wa muhula, akaanza hata kuzipanga kwa umbali kutoka nyumbani.

Saa saba na nusu waliona bodaboda ya kwanza, boksi la samaki limefungwa nyuma kwa mpira. Nyuma yake mbili. Nyuma yake pikapu iliyojaa watu wenye kanzu za Ijumaa wakiwa wamezikunja magotini zisilowe. Wavuvi wanaopumzika usiku wa Ijumaa wote hurudi baharini pamoja baada ya swala, na leo bahari ilikuwa shwari na giza lilikuwa lao. Tuktuk zilipangana mpaka kwenye lami. Mzee Mbwana alirudi mbio kwa mara ya kwanza tangu ajulikane, akafungua dirisha. Mia tano. Saa tisa mia tano na tisini. Vijana wa ghalani walikuwa wakiburura matofali wakiimba ili wasichoke, na Bwana Ziro, koti limevuliwa, alikuwa akipokea karatasi na kuzihesabu yeye mwenyewe. Saa kumi na moja mia saba na sita, zaidi ya siku yoyote iliyowahi kuandikwa. Mtu wa mwisho alikuja akitweta, akataka matofali matatu, akapewa.

Adhana iliita. Mzee Mbwana aliweka kalamu, akapiga mstari, akajumlisha safu yote kwa kidole, akamgeuzia Bwana Ziro kitabu.

Mia saba thelathini na nne.

Bwana Ziro alitoa simu akajumlisha mwenyewe, maana ni mhasibu. Akajumlisha tena. Akatoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya kitabu, akaziangalia namba mbili zikiwa zimelala pamoja. Aliangalia barabara walikokuwa wametoka watu wale wote, kila mmoja kwa hiari yake.

"Mimi nimehesabu yaliyopita kwa miaka ishirini na sita," alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote. "Sikujua kwamba mtu anaweza kuihesabu kesho. Nimeogopa kidogo, Twaiba, nakwambia kweli."

"Hata mimi, bwana," alisema Twaiba.

"Vitabu vya Vanga, Gazi, Kilifi na Malindi viko makao makuu. Havijawahi kusomwa na mtu. Nataka uanze navyo Jumatatu, na barua yako itakuwa tayari." Alivaa koti lake, akafika mlangoni, akasita. Kisha akarudi, akamwinamia Mzee Mbwana kwa adabu ya mtu anayeuliza njia.

"Mzee," alisema, "hiyo Jumatatu inaanza lini?"

"Jumapili, jua likitua," alijibu Mzee Mbwana.

Bwana Ziro aliipigia ofisi ya Mombasa pale pale. Twaiba, akiwa bado ameketi dirishani, alimsikia akiwaambia waandike kwenye barua yake ya kuthibitishwa kwamba anaanza kazi Jumapili jioni, na huko upande wa pili mtu akiuliza kwa nini, naye akiwajibu kwamba wao waandike tu.